Kurudi Kisiwani Mfangano

Msomaji mpenzi, yumkini nawe una mahali ambapo moyo wako hukimbilia kila shule zifungwapo. Kwa mmoja ni nyumbani kwa mjomba wake. Kwa mwingine ni mjini kwa dada yake aliyeolewa. Na kwa mwingine ni ukingo wa kijito kisichotajwa katika ramani yoyote. Mahali pangu mimi ni kisiwa. Nikisema hivyo pengine utatazamia habari za majahazi na maji ya chumvi, kwa maana sisi watu wa bara tumezoea kudhani kwamba kisiwa ni kitu cha pwani. Kisiwa changu hakimo baharini. Kimo katika Ziwa Victoria, karibu na mstari wa Ikweta, na jina lake ni Mfangano. Nimekwenda huko mara nne katika maisha yangu. Nataka kukusimulia habari za kurudi kwangu, na hasa habari ya kosa moja nililolifanya katika safari ya kwanza, nisilijue mpaka safari ya nne, miaka 35 baadaye.

Mimi ni mzaliwa wa Marani, katika milima ya Kisii. Kwetu ni nchi ya miinuko na mabonde. Chai hupanda mlima upande huu, migomba hushuka upande ule, na mahindi hujaza nafasi iliyosalia. Mvua hunyesha alasiri kama mdeni mwaminifu anayelipa kwa tarehe. Maji yetu ni ya chemchemi na vijito ambavyo mtoto aweza kuviruka. Kwa hiyo mtoto wa Marani hukua bila kujua maji yasiyoonekana ng'ambo yake. Ziwa tulilijua kwanza kwa harufu. Siku ya soko wanawake waliotoka pande za ziwani walitandaza magunia chini, wakamwaga juu yake omena wakavu waliong'aa kama sindano, nasi tuliotumwa kuwanunua tulisimama kando tukijiuliza ni maji gani hayo yazaayo samaki wengi kuliko punje za wimbi. Na kutoka miinuko ya Manga, siku isiyo na ukungu, ulionekana mbali magharibi utepe wa rangi ya bati. Wazee walituambia kwamba lile ndilo ziwa. Niliapa moyoni kwamba nitaufikia utepe ule.

Nafasi ilinijia Desemba 1989. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, katika kundi la kwanza kabisa lililofanya mtihani wa KCSE, nami nilikuwa nikingoja matokeo kwa hofu ambayo wewe msomaji huhitaji kuelezwa. Baba mdogo alikuwa mfanyabiashara wa ndizi. Alipeleka mikungu ziwani, akarudi na magunia ya omena. Aliponiona nimeketi kizingitini siku ya tatu mfululizo alisema, "Wewe unayehesabu siku, njoo unisaidie kuhesabu mikungu." Tulitoka Marani alfajiri, tukashuka Kisii mjini, tukapanda gari la Rongo, kisha tukashika njia ya Homa Bay. Toka Homa Bay hadi Mbita barabara ilikuwa ya vumbi na makorongo, hata tulipofika nilikuwa mwekundu kama kiazi kilichofukuliwa.

Pale Mbita tulipanda mashua ya mbao yenye injini nyuma. Ilijaa watu, kuku, magodoro, magunia ya unga na mikungu yetu. Hapakuwa na mtu aliyevaa kitu cha kumwokoa kama angetumbukia majini. Nilishika ubao kwa mikono miwili, na mama mmoja aliyekaa karibu nami akanicheka, akasema kwamba mashua ikizama ubao ule nao utazama, heri niuachilie nitazame mbele. Niliuachilia nikatazama. Tulikipita kisiwa cha Rusinga, tukakipita kisiwa kidogo cha Takawiri, na baada ya safari ya zaidi ya saa moja Mfangano ilisimama mbele yetu: mlima mmoja mkubwa uliotoka majini, kilele chake cha Kwitutu kikiwa zaidi ya mita 500 juu ya uso wa ziwa, na miguuni pake nyumba, miti, na nyavu zilizoanikwa. Mimi niliyezaliwa juu ya mlima nikaona mlima wenye ziwa pande zote, nikajisikia kama mtu aliyefika nyumbani kwa njia nyingine.

Mwenyeji wetu alikuwa mvuvi wa makamo, rafiki wa baba mdogo katika biashara. Baada ya siku mbili baba mdogo alirudi Marani, na mimi nikaombewa ruhusa ya kubaki. Nilikaa siku tisa. Sijapata tena likizo iliyofanana na ile. Usiku wavuvi wa omena walikwenda na karabai zao, wakaziwasha juu ya maji ili mwanga uwavute wale samaki wadogo. Na aliyesimama ufuoni aliona mji mzima wa taa ulioelea gizani, mji ambao hutoweka alfajiri. Asubuhi mashua zilirudi, na wanawake wakatandaza omena juani. Mchana nilikula ngege kwa ugali, nikapanda mlima, nikashuka, nikaoga. Mwenyeji wangu alinionya nisioge penye matete, kwanza kwa sababu ya konokono wanaoeneza kichocho, na pili kwa sababu ya kiboko, ambaye hapendi kushtuliwa. Siku zote tisa sikuona gari hata moja. Watu walikwenda kwa miguu na kwa mitumbwi, na sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya mawimbi.

Lakini kulikuwa na jambo jingine lililonishangaza kuliko taa na samaki. Watu wa kisiwa walizungumza Kijaluo, lugha ambayo sikuijua ila maneno ya sokoni. Hata hivyo mama yake mwenyeji wangu, ajuza aliyekwenda kwa fimbo, alikuwa na lugha nyingine aliyoisema na wazee wenzake. Siku ya kwanza niliposikia maneno yake niligeuka kwa haraka, nikidhani mtu wa kwetu ananiita. Ilikuwa lugha ya Wasuba. Mapokeo ya Wasuba yasema kwamba wahenga wao walivuka ziwa kutoka pande za Uganda katika karne ya 18, wakikimbia fitina za ufalme, wakakaa katika visiwa hivi na katika pwani iliyo karibu. Lugha yao ni ya Kibantu, nayo ina undugu na Ekegusii, lugha yetu. Kwa kuoana na Wajaluo, kwa kufanya biashara nao, na kwa kusoma katika shule moja, Wasuba wengi waliishika lugha ya jirani, na ile ya asili ikabaki kwa wazee, kama moto unaobaki chini ya majivu. Mimi, kijana mgeni kutoka milimani, niliyashika maneno mawili matatu katika kila kumi ya yule Nyanya, wakati wajukuu wake mwenyewe walimwomba aseme Kijaluo. Jambo hili lilimfurahisha sana. Jioni alinita nikae karibu naye, akasema polepole, nami nikatega sikio na kukisia. Nilipokisia vema alipiga fimbo yake chini, nilipokosea alicheka.

Siku yangu ya mwisho, mashua ikiwa tayari imekwisha kuanza kupakiwa, Nyanya alinishika mkono akanipandisha mteremko hatua chache kutoka ufuoni, hadi penye jiwe kubwa jeusi lililolala kama ng'ombe. Akaligonga kwa fimbo. Akalionyesha ziwa, akalionyesha jiwe, akaligonga tena, akasema maneno mengi. Katika maneno hayo nilinasa moja, neno la maji, ambalo halikuwa mbali na *amache* ya kwetu. Ilinitosha. Nilimwinamia kwa adabu, nikakimbia nyumbani, nikatwaa ndoo, nikashuka ziwani nikaijaza, nikapanda nayo nikitweta, nikaitua mbele yake kama mjukuu mwema.

Watu wote waliokuwapo waliangua kicheko. Nyanya mwenyewe alicheka hata akaketi juu ya jiwe. Mwanawe, mwenyeji wangu, alipangusa machozi akaniambia, "Hakuomba maji, kijana. Anakuambia kwamba..." Hapo mwenye mashua akapaza sauti kwamba anang'oa nanga, na aliyebaki atangoje kesho. Nilitwaa mfuko wangu mbio. "Utanieleza nikirudi!" nilisema huku nikicheka, nikarukia mashua.

Tazama, msomaji, jinsi jambo kubwa lipitavyo mbele ya mtu likiwa limevaa nguo za mzaha. Kisa cha ndoo nilikisimulia Marani kwa miaka mingi, na hakuna aliyekisikia asicheke. Wala mimi sikujiuliza hata siku moja ni nini alichotaka kuniambia yule mwanamke.

Nilirudi mara ya pili mwaka 1996. Wakati huo nilikuwa mwalimu, mwenye mshahara mdogo na viatu vizuri. Nyanya alikuwa amekwisha kufariki. Niliwapa pole waliofiwa, nikasimama kaburini kwake, kisha nikashuka nikaketi juu ya lile jiwe jeusi nivue viatu vyangu vizuri nipate kuoga. Naam, niliketi juu ya jiwe lenyewe. Katika safari hiyo nilipelekwa Kwitone, kwenye pango lililo juu mlimani, nikaona michoro ya kale: miduara ndani ya miduara, kwa rangi nyekundu na nyeupe, ambayo inasadikiwa kwamba ilichorwa na Watwa, wawindaji waliokaa huko kabla ya watu wa sasa. Kwa vizazi vingi watu wa kisiwa wamekuwa wakiiheshimu michoro hiyo na kuihusisha na mvua. Nilistaajabu sana jinsi watu wasiojua kuandika walivyoweza kuacha neno mwambani, likakaa miaka maelfu, na asiwepo mtu wa kulisoma. Nilistaajabu, nikashuka, nikala samaki.

Nilirudi mara ya tatu mwaka 2003, pamoja na mke wangu. Mwenyeji wangu alikuwa ameota mvi. Alituzungumzia habari za mbuta, yule samaki mkubwa aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, ambaye aliwaletea wavuvi fedha na papo hapo akawameza samaki wengi wa asili. Alituonyesha magugu maji yanayokuja na upepo, yakafunga mlango wa gati kama mkeka. Tulikaa siku sita, tukafurahi kwa kila kitu. Juu ya jiwe sikuuliza. Mgeni wa likizo huuliza bei, njia na chakula. Huuliza mvua itanyesha lini na mashua itaondoka saa ngapi. Hayo yote ni maswali juu ya raha yake mwenyewe. Mimi nilikuwa mgeni wa namna hiyo kwa safari tatu, na bado nilijisifu kwa watu kwamba nakipenda kisiwa.

Kisha ikapita miaka 21. Kazi ilinihamishia Nakuru, watoto wakazaliwa, karo ikala kila senti iliyotaka kwenda ziwani. Mwaka 2012 niliarifiwa kwa simu kwamba mwenyeji wangu amefariki. Nililia, nikatuma rambirambi, nikaahidi kufika, nisifike. Hatimaye, Agosti 2024, shule zilipofungwa, nilimwambia binti yangu, aliyekuwa kidato cha tatu, "Twende nikuonyeshe kisiwa changu." Alicheka kwa jinsi nilivyosema *changu*. Yeye ni mtoto wa siku hizi, hupima maneno.

Njia ilikuwa imebadilika. Lami ilitufikisha Mbita nguo zikiwa safi. Pale ambapo katika miaka ya 1980 lilijengwa tuta la mawe la kuunganisha Rusinga na bara, tuta lililoziba mkondo wa maji katika mlango ule, sasa lipo daraja, na maji yapita chini yake tena. Binti yangu alijua habari za Rusinga kutoka vitabuni: kwamba hapo ndipo mwaka 1948 Mary Leakey alipofukua fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita, na kwamba hapo ndipo lilipo kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Tulipewa jaketi za kuokolea maisha tuzivae, nami nikamkumbuka yule mama wa ubao. Kisha tukavuka, na Kwitutu ikasimama mbele yetu vile vile, maana mlima hauna haraka.

Mashua ilipokaribia nchi kavu niliinuka nimwonyeshe binti yangu ufuo wangu, mahali pa nyavu, mahali pa kuanikia omena, mahali pa kuoga. Nilitazama huku na huku. Ufuo haukuwapo. Mashua ilizidi kwenda, ikapita pale ambapo kwa hesabu yangu tungekuwa tumekwama mchangani zamani, ikaenda mpaka karibu na mteremko, ikatutua hatua chache chini ya jiwe kubwa jeusi lililolala kama ng'ombe.

Kijana mmoja alishuka kutupokea mizigo. Alikuwa mwana wa mwenyeji wangu, mtoto mchanga nilipomwona mara ya pili, na sasa ni mvuvi mwenye watoto. Aliniona nilivyotahayari. "Mwalimu, unautafuta ufuo?" aliniuliza. "Umepita juu yake."

Jioni ile, mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa omena hawakwenda kazini, kwa sababu mwanga wa taa haufai kitu mbele ya mwanga wa mwezi. Kwa hiyo kijana alikuwa na nafasi ya kutusimulia. Baba yao alipofariki, yeye na ndugu zake walichoka kupandisha magunia ya omena mlimani kila siku. Walijenga ghala na vyumba viwili chini, karibu na maji, mahali palipokuwa tambarare na pakavu. Waliishi hapo vema kwa miaka kadhaa. Kisha zikaja mvua za mwisho wa 2019, zisikome. Mwanzoni mwa 2020 maji yaliingia mlangoni. Waliweka mifuko ya mchanga. Usiku mmoja wa Aprili ukuta wa ghala ulianguka, nao wakatoka na watoto migongoni. Hakufa mtu. Magunia, nyavu na akiba yao vilikwenda na ziwa.

"Yakaendelea kupanda," alisema, "mpaka mwezi wa Mei. Yakafika kwenye jiwe la Nyanya, yakaligusa, yakasimama hapo."

Nilimwuliza kwa nini wanaliita jiwe la Nyanya. Alisema, "Tulilikuta na jina hilo. Baba alikuwa akitukataza kujenga chini yake. Sisi tulidhani ni ukaidi wa wazee, ambao hawapendi kitu kipya. Hatukumwuliza sababu."

Msomaji, niliiweka sahani chini. Nilimwona Nyanya mbele yangu, akilionyesha ziwa, akilionyesha jiwe, akigonga kwa fimbo. Nilijua sasa, kwa mara ya kwanza, maneno yale yalikuwa nini. Hakutaka ndoo ya maji. Alikuwa akisema: maji yalifika hapa.

Nawe usidhani kwamba haya ni mawazo ya mtu mwenye huzuni. Habari zake zimo katika vipimo. Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria haitoki katika mito, bali ni mvua inyeshayo juu ya uso wa ziwa lenyewe. Kwa hiyo mvua zikizidi kipimo, ziwa hupanda. Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961, miaka ile ile ambayo nchi zetu zilikuwa zikipata uhuru, zililipandisha kwa zaidi ya mita 2, na kilele chake kilipimwa Mei 1964 huko Jinja, Uganda, ambako Mto Nile hutoka ziwani. Baadaye maji yalishuka, ufuo ukaonekana tena, na waliozaliwa nyuma wakadhani kwamba ulikuwapo siku zote. Mei 2020 maji yalirudi karibu kabisa na alama ile ya 1964, yakaizidi kwa kiasi kidogo tu. Na mvua za 2024 zikayapandisha tena. Wataalamu walikuwa na kipimo chao Jinja. Nyanya alikuwa na kipimo chake Mfangano, nacho kilikuwa jiwe, na vipimo hivyo viwili havikutofautiana.

Siwezi kukuambia kwamba kama ningeuliza, ghala lile lingesimama hata leo. Pengine vijana wasingenisikiliza, kama wasivyomsikiliza baba yao. Lakini sina haki ya kujificha nyuma ya neno *pengine*. Katika wiki ile ya 1989, miongoni mwa vijana wote waliokuwa ufuoni, mimi ndiye niliyeonekana kuisikia lugha yake kidogo, na kwa hiyo mimi ndiye aliyenishika mkono. Alinipa amana. Mwanawe alitaka kunifasiria, nami nikasema utanieleza nikirudi. Nikarudi, nikarudi tena, nikawa nina miaka 23 ya kuuliza swali moja, toka 1989 hadi 2012, na kinywa cha kunijibu kilikuwa hai muda huo wote. Safari ya nne ndipo nilipouliza, na aliyenijibu ni maji.

Usiku ule binti yangu alikaa kimya muda mrefu. Kisha aliniuliza, "Baba, na kwetu Marani kuna jiwe kama hili?"

Nilifungua kinywa nimjibu, nikaona sina jibu. Marani ni nchi ya miteremko mikali; mvua zikizidi, udongo huporomoka. Bila shaka wazee wetu walijua ni mteremko upi uliowahi kushuka, na ni chemchemi ipi isiyokauka mwaka wa njaa. Mimi sikujua. Mama yangu, aliyekuwa na umri wa miaka 86, alijua; lakini binti yangu hakuweza kumwuliza, kwa kuwa Ekegusii yake iliishia katika salamu. Tulipokuwa Nakuru niliona ni rahisi kumlea kwa Kiswahili na Kiingereza, nikasema mengine atajifunza baadaye. Alipokuwa mdogo alinisikia nikimwita mama yangu *baba*, akacheka sana. Maana katika lugha yetu *baba* ni mama mzazi, na baba mzazi ni *tata*. Nilicheka pamoja naye. Sikumweleza. Ilikuwa ndoo ya pili.

Nilikuwa nikiwahurumia Wasuba kwa kuwa lugha yao ilizungukwa na maji na majirani. Lakini sisi Abagusii nasi, ukitazama ramani ya lugha, tu kisiwa: Wajaluo wako kaskazini na magharibi, Wakipsigis mashariki, Wamaasai kusini, nasi katikati na lugha yetu ya Kibantu juu ya milima. Hujidanganya kwamba tu wengi, na wengi hawapotei. Kumbe lugha haifi kwa kabila zima siku moja; hufa nyumba kwa nyumba, na katika nyumba yangu ilikuwa imekwisha kukata roho bila ya mtu kupiga kelele.

Usifikiri kwamba huzuni ilituharibia likizo. Tulikaa siku nyingine nne. Tulipanda Kwitone, na safari hii sikustaajabu kimya. Nilimwuliza kiongozi wetu maswali hata akaomba tupumzike. Tulikwenda kwenye makumbusho ya jamii ya Wasuba. Tulimtafuta mzee mmoja wa jirani aliyeijua bado lugha ile, na binti yangu akayaandika maneno yake katika daftari, nami nikaandika kando yake maneno ya Ekegusii, na yule mzee alipoona jinsi yalivyofanana alipiga fimbo yake chini kama Nyanya. Tulioga pia, mbali na matete. Sijakipenda kisiwa kile kwa kiasi nilichokipenda siku zile nne, kwa sababu kilikoma kuwa cha kunipumzisha tu. Kilikuwa mahali pa watu wenye habari zao, nami nikiwa mwanafunzi.

Tulipotoka Mfangano hatukwenda Nakuru moja kwa moja. Tulipanda Marani tukiwa na furushi la omena. Mama alikuwa ameketi barazani akichagua mboga. Kabla ya salamu kumalizika aliuliza kama omena wamekauka vizuri, akaonja mmoja, akaridhika. Ndipo binti yangu alipoketi mkekani mbele yake, akafungua daftari, akamwuliza, kwa Ekegusii niliyomfundisha garini toka Homa Bay, maji ya mvua kubwa yalifika wapi zamani.

Mama alimtazama, akanitazama mimi, akaweka mboga kando. Akainua mkono, akaonyesha bonde lililo nyuma ya migomba, akaanza kusema. Na alisema kwa haraka, kama mtu aliyengoja kuulizwa kwa muda mrefu. Niliona katika uso wa binti yangu kwamba ameshika neno moja tu kati ya kumi. Nilijua neno lenyewe, na nikaitazama ndoo iliyokuwa kando ya mlango.

Hakuinuka. Alishika kalamu yake, akasema, "Nyanya, sijaelewa. Rudia, tafadhali."

Basi msomaji, likizo zikija, nenda unakokupenda, na ukijaliwa urudi tena. Furahi, kula, oga. Lakini mtu mzima akikushika mkono, akakuonyesha kitu, akakuambia jambo usilolielewa, usikimbilie ndoo, wala usimwambie kwamba atakueleza ukirudi. Mwache mwenye mashua apige kelele. Mashua nyingine itakuja kesho.